Nzou, Mizani na Vifurushi vya Alhamisi

Lori yetu Nzou ilipokuwa ikiteremka mlima wa Tawa, kulikuwa na kimya kidogo kati ya gia na gia. Kwanza mngurumo mzito, halafu kimya, kama mtu anayevuta pumzi katikati ya wimbo, halafu mngurumo mwingine wa chini zaidi. Kimya hicho ndicho ninachokumbuka kuliko mngurumo wenyewe. Kikiwa kifupi, nilijua lori iko tupu na dereva ana njaa. Kikiwa kirefu, nilijua imebeba, na Mzee Nzioka anaibembeleza gia iingie. Nilikuwa naweka kalamu chini kila nikikisikia, na hadi leo, redio ikinyamaza ghafla kati ya habari na muziki, mkono wangu bado unataka kuweka kitu chini.

Ninyi vijana mliobaki ofisini mliniomba niandike. Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe, mkanipa sanduku zuri la safari, lenye magurudumu. Nashukuru sana. Nimeliweka juu ya kabati, kwa sababu mimi Mwikali, niliyeandika hati za mizigo ya Mombasa tangu nikiwa msichana, Mombasa sijawahi kufika. Hayo nitayaeleza. Mambo ya cheo na mshahara sitayagusa, mnayajua, na hayachekeshi.

Nilifika Tawa miaka ya sitini ikielekea kuisha, nikitoka kwetu Tulia upande wa Kitui, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonizidi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilikuwa na mwandiko mzuri, basi. Tajiri, yaani Bwana Mutiso mwenye malori, alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia karani wake, Bwana Mbithi, ambaye macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Nilidhani nitapewa meza. Bwana Mbithi hakunionyesha meza. Alinitoa nje, akanizungusha lori moja kubwa kuukuu, rangi ya kijani iliyopauka, bodi yake ya mbao.

"Hii inaitwa Nzou," akasema. Nzou kwa Kikamba ni ndovu. "Ina uzito gani?"

"Sijui, mwalimu."

"Mimi si mwalimu. Soma mlangoni."

Mlangoni palikuwa pameandikwa kwa rangi nyeupe: uzito wa lori ikiwa tupu, uzito wa mzigo inaoruhusiwa, na jumla. Nikasoma kwa sauti, nikajiona nimefaulu. Akanishika mkono akauweka kwenye mbao za bodi. Zilikuwa baridi na zenye unyevu, maana jana yake mvua ilikuwa imenyesha.

"Hii mbao imekunywa mvua ya jana," akasema. "Ile rangi ya mlangoni haikunywa. Wewe utaandika ya mlangoni, ndiyo sheria. Lakini ukipakia, ukumbuke hii."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na ninyi mnaofanya kazi na malori ya bodi za chuma mnaweza kulicheka. Chuma hakinywi. Lakini lori kuukuu ilikuwa kama mtu mzima: ilinona, ikakonda, ikapigwa kiraka, ikaongezewa springi, na kila fundi aliyeigusa aliiachia uzito kidogo ambao hakuuandika mahali.

Somo la pili lilikuwa karatasi. Kulikuwa na leseni ya barabara, ile ya mviringo ya kubandikwa kwenye kioo. Kulikuwa na bima. Kulikuwa na cheti cha ukaguzi, ambacho kwa lori ya umri wa Nzou kilikuwa kinatukosesha usingizi kila mwaka. Kulikuwa na leseni ya uchukuzi kutoka kwa bodi ya leseni ya serikali, iliyosema tunabeba nini na watu wangapi wanaruhusiwa kupanda. Kulikuwa na leseni ya dereva mwenyewe, ya magari mazito, na mwisho hati ya mzigo, ambayo ndiyo niliyoandika mimi. "Moja ikikosekana," Bwana Mbithi alisema, "hizo zingine ni za kufungia nyama."

Nilipenda hati ya mzigo kuliko zote. Juu kabisa iliandikwa "Kutoka" na "Kwenda". Kutoka: Tawa. Kwenda: Mombasa. Niliandika hiyo M kubwa, nikaichorea mkia. Nilikuwa najiuliza watu wa huko wanatembeaje, wanacheka vipi, kama kuna mlima wa kuteremka. Bwana Mbithi akaitazama siku moja, miwani ikiwa puani. "Mwikali, hii M yako inataka kuondoka peke yake."

Baadaye, serikali ilipotutoa kwenye ratili na kutuingiza kwenye kilo, ilibidi milango yote iandikwe upya. Fundi wa rangi alikuwa Machakos na hakuwa na haraka, kwa hivyo nikashika brashi mwenyewe. Nilifuta namba kubwa nikaandika namba ndogo. Madereva wakasimama nyuma yangu wakicheka kwamba Nzou imekonda bila kuugua. Kazi hiyo ya brashi ikawa yangu miaka yote. Ukitaka mstari ulionyooka, usitazame brashi, tazama unakokwenda. Hayo niliyafundishwa na tone la rangi kwenye sketi yangu ya kanisa.

Sasa Mzee Nzioka. Alikuwa mtu wa Mbumbuni, mfupi, aliyeketi juu ya gunia lililokunjwa ili aone barabara. Karatasi za Nzou alizitunza kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na hakuzigusa kabla ya kunawa mikono. Hakujua kusoma sana. Alizijua kwa rangi na kwa kuchakaa kwake. Kabla ya kuondoka aliweka mkono juu ya boneti na kuomba, na maombi yake yalikuwa mafupi kuliko ya mtu yeyote wa kanisa letu: "Bwana, breki unazijua. Amina."

Nilimzoea kama baba. Yeye aliniita mwana wakwa, mtoto wangu, na mimi nilimwita Asa, vile tunavyomwita baba kwa heshima. Nilimsumbua sana kuhusu Mombasa.

"Asa, si unipeleke siku moja tu?"

"Leseni inasema watu wangapi?"

"Dereva na wapakiaji wawili. Mizigo tu, abiria hapana."

"Nani aliiandika kwenye fomu?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye umejifungia nje," akasema, akacheka mpaka kofia yake ya sufu ikasogea. Ningeweza kwenda kwa basi, najua. Watu wameniambia. Lakini mimi sikutaka Mombasa ya basi. Nilitaka ile ya Nzou, ya kuketi juu pale, na kimya kile kati ya gia na gia.

Nzou iliondoka kila Alhamisi na mbaazi, ndengu, na embe wakati wake, ikapitia Wote, ikatokea Emali, ikashika barabara kuu. Na kila Alhamisi akina mama walikuja. Hili hamlijui, kwa sababu lilikwisha kabla yenu. Vijana wengi wa huku walikuwa wamekwenda Mombasa kutafuta kazi, wengine kwenye bandari, wengine kwenye mahoteli, na mama zao walileta vifurushi. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, ndani ya kiondo cha kusukwa. Asali kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi. Kuku aliyefungwa miguu, anayetazama kila mtu kwa lawama. Sweta, ingawa tuliwaambia huko kuna joto.

"Hii haina uzito," kila mmoja alisema. "Ni kidogo tu."

Na Mzee Nzioka aliwajibu wote neno moja. "Weka."

Hakuna kifurushi kilichoandikwa kwenye hati yangu. Haikuwa siri wala ujanja, ila hakuna aliyewahi kufikiria kwamba hivyo ni mzigo. Mzigo ni gunia. Muthokoi ya mtoto ni salamu. Huko Mombasa vijana walikuwa wanamngoja sokoni, na alikuwa anawaita kwa majina ya mama zao: "Wa Kavata! Wa Mbula! Njooni!" Huyo wa Kavata alikuwa kijana anaitwa Muli, kuli wa bandarini, mtoto wa pekee wa mjane aliyekaa upande wa juu wa soko. Mjane huyo, Kavata mwenyewe, ndiye tuliyemwita Mama Kavata, na hakukosa Alhamisi hata moja.

Halafu wakaleta mizani kwenye barabara ya Mombasa, na sheria ya ekseli. Zamani askari alitazama lori kwa macho, akapiga teke tairi, akasema nenda. Sasa unapanda kwenye bamba la chuma, magurudumu ya mbele kwanza, wanapima, kisha ya nyuma, wanapima. Jumla inaweza kuwa sawa kabisa na bado ukashikwa, kwa sababu ekseli moja imebeba ya mwenzake.

Nzou ilishikwa mara ya kwanza hivyo hivyo. Magunia yalikuwa sawa na hati yangu. Lakini vifurushi, kwa kuwa vinakuja mwisho, vilikuwa vinawekwa mwisho, nyuma kabisa karibu na mlango wa bodi. Nawaambia ninyi wa sasa, kitu ulichoweka nyuma ya magurudumu ya nyuma hakiketi tu pale. Kinaning'inia, na kinainua mbele huku kinakandamiza nyuma. Pakieni kutoka kwa kichwa cha lori kuja nyuma, na kizito kiwe mbele ya ekseli ya nyuma. Kimanzi, tanboi wetu, yaani utingo, mtu mzima mwenye watoto, alisogeza magunia kwa mgongo wake pale mizani, juani, mpaka wakaachiliwa.

Mara ya pili ilikuwa vivyo hivyo, ila sasa hata jumla ilizidi. Ilikuwa msimu wa embe na kila mama alikuwa na embe zake.

Tajiri alituita sisi wote ofisini. Hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lilinitisha. "Mzee," akamwambia Mzee Nzioka, "wewe umeniendeshea vizuri tangu nikiwa na lori hiyo moja. Lakini Nzou ni kuukuu, ukaguzi ni shida, springi ni shida, na sasa mizani. Ikishikwa tena, naiuza. Nitachukua lori mpya na dereva kijana anayeijua."

"Sawa, tajiri."

"Sisemi kwa ubaya."

"Nimesikia, tajiri."

Tulipotoka nje nilimtazama. Alikuwa amezeeka, na lori mpya hazikuwa na gia ya kubembeleza. Hakuna mwenye lori ambaye angemwandika. Nzou ikienda, naye amekwenda. Alikuwa anajua, na alichosema ni, "Embe za mwaka huu ni tamu lakini."

Kwa hivyo Alhamisi iliyofuata nikatumwa mimi langoni kukataza vifurushi. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, yakapotea yote nilipowaona.

"Mama zangu, leo hatubebi. Nawaomba. Mizani imekataa."

"Wewe karani, umekuwa polisi tangu lini?" akauliza Mama Kavata, kiondo mgongoni.

"Si mimi, mwaitu. Ni sheria ya uzito." Mwaitu ni mama, ndivyo nilivyomwita.

"Na hiyo sheria inamjua Muli wangu?"

Mwingine akapaza sauti nyuma, "Mwambie tajiri apunguze tumbo kwanza, ndiyo lori iwe nyepesi!" Wakacheka wote, na tajiri, aliyekuwa mlangoni mwa stoo, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Nikawaeleza ukweli. Nikasema Nzou ikishikwa tena inauzwa, na Asa anarudi nyumbani. Kicheko kikaisha. Wakamtazama Mzee Nzioka, naye akawa anafuta kioo ambacho kilikuwa kimeshafutwa. Mama Kavata akashusha kiondo chake.

"Si mashamba tunalimiana kwa zamu kwenye mwethya?" akasema. "Leo kwangu, kesho kwako. Kwani kifurushi kimekataa zamu?"

Wakakubaliana papo hapo, wakibishana kidogo tu kuhusu nani aanze. Kijiji kimoja kila Alhamisi, na kiondo kimoja kwa kila nyumba. Mimi nikaingia kwa tajiri nikamwomba apunguze magunia mawili kila safari, vifurushi vipimwe kwenye mizani ya stoo, na viandikwe kwenye hati kama mzigo mwingine: vyakula vya nyumbani.

"Mwikali, mimi nafanya biashara ya mbaazi," akasema. "Si ya uji."

Sasa, hao mama ndio waliokuwa wakimpepetea mbaazi uani. Walikuwa wamesikia. Nyungo zikatulia, zote pamoja, na mikono ikakaa juu yake. Tajiri akatazama dirishani kwa muda. "Magunia mawili," akasema. "Si matatu." Nyungo zikaanza tena.

Hiyo ndiyo miaka ninayoitamani. Kila Alhamisi asubuhi nilitundika viondo kwenye mizani kimoja kimoja, nikiandika: muthokoi, wa Mbula. Asali, wa Kavata. Kuku mmoja, amekasirika. Bwana Mbithi alikuwa ameshastaafu, lakini alikuja mara moja moja kuketi kivulini na kunisikiliza nikisoma hati. Nilipofika kwenye kuku alisema bodi ya leseni haina sehemu ya hasira. Vifurushi viliwekwa mbele kabisa, nyuma ya kichwa cha lori. Nzou ilipita mizani kila wiki, na askari wa pale wakaanza kuuliza asali inauzwaje. Mzee Nzioka alirudi Jumapili jioni na salamu kichwani, zote kwa mpangilio, na Jumatatu alizitoa langoni bila kuchanganya hata moja. Mimi nilizipokea pamoja nao kana kwamba nami nina mtu huko. Nilijua nani ameoa, nani amenunua baiskeli, nani anasema anakuja Krismasi na haji.

Kisha ukaja mwaka mmoja wa themanini na kitu, ambapo mvua zote mbili zilikosa. Mnaotoka huku wazazi wenu waliwaambia. Mito ilichimbwa mchanga hadi mtu akazama kichwa kutafuta maji. Mbaazi zilikauka zikiwa maua. Kwetu Tulia mama yangu alikuwa anapanga foleni ya mahindi ya manjano ya msaada, na aliniambia yananuka gunia. Tajiri hakuwa na cha kupeleka Mombasa isipokuwa ngozi za ng'ombe waliokufa, na aliishi kwa mzigo wa kurudi: saruji na bati za mtu aliyekuwa akijenga Wote.

Zamu za vifurushi ziliendelea kwenye karatasi yangu, lakini langoni hakuja mtu. Wiki moja, ya pili. Ikafika Alhamisi ya kijiji cha Mama Kavata. Alikuja amekonda, amevaa vizuri kama wa kanisani, na kiondo kizuri kipya. Akanipa.

Kilikuwa kitupu.

"Mwaitu, hakuna kitu ndani."

"Najua. Kipime, ukiandike. Mpe Nzioka ampe Muli."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Muli ana macho."

Nikakitundika kwenye mizani kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu, na mshale haukusogea hata kidogo. Nilipogeuka, walikuwa wamefuata wengine wa kijiji hicho, na kila mmoja alikuwa na kiondo chake kitupu. Wiki iliyofuata kijiji kingine kilifanya hivyo hivyo, bila mtu kuwaambia. Mzee Nzioka alivipanga kimoja ndani ya kingine, akaviweka pembeni mwake kwenye kiti, si nyuma. Siku hiyo maombi yake juu ya boneti yalikuwa marefu kidogo.

Hao vijana wa Mombasa walielewa. Walielewa kupita kiasi. Huko hakukuwa na zamu, hakukuwa na Mama Kavata wa kupanga, na mimi sikuwepo na mizani ya stoo. Wakaanza kujaza viondo. Mwanzoni kidogo, na Nzou ikapita. Halafu habari zikaenea, na Jumamosi moja Mzee Nzioka alipofika pale sokoni kukutana na vijana wa kijiji kimoja, aliwakuta wa vijiji vyote. Walikuwa wamechanga kazini. Unga, mchele, maharagwe, samaki wakavu, mafuta ya kupikia. Na saruji ya yule mtu wa Wote ilikuwa imeshapakiwa, kwa uzito kamili ulioandikwa mlangoni.

Mzee Nzioka alirudi Jumatatu badala ya Jumapili, bila Kimanzi. Nilisikia kimya chake mlimani, kirefu mno, nikajua. Alisimamisha Nzou, akashuka polepole, akanawa mikono, akafungua mkebe. Juu ya karatasi zote kulikuwa na moja mpya, ya mashtaka.

"Asa. Umeshikwa."

"Ndiyo."

"Kimanzi yuko wapi?"

"Nimemwacha mizani akilinda saruji. Yule askari aliniambia, mzee, umezidi, shusha. Nikamuuliza, nishushe nini? Akasema chochote, bora uzito upungue. Nikapanda juu. Nikashika kiondo cha kwanza, cha mama ya Muli. Nikakiweka chini. Nikashika cha pili, cha Mbula." Akatazama mikono yake. "Sasa nianze na cha nani, mwana wakwa? Uniambie wewe. Wewe ndiye unajua kupima."

Nikaitoa ile karatasi mkebeni, niipeleke kwa tajiri.

"Saruji haina mama," akasema. "Nikashusha saruji."

Langoni akina mama walikuwa wameshaona. Hawakupiga vigelegele. Walikuja mmoja mmoja, wakapokea viondo vyao kutoka mikononi mwake, na wengine walivishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Mama Kavata alifungua chake, akaingiza mkono kwenye unga mpaka kwenye kifundo, akauacha hapo kidogo, akakifunga tena. Alimshukuru Nzioka kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Nilisikia lakini si langu la kuandika.

Tajiri alisimama mlangoni mwa ofisi wakati wote huo. Alikuwa ameshasoma ile karatasi. Hakuwaharakisha. Alingoja mpaka kiondo cha mwisho kikatoka langoni.

"Nzioka. Nilisema."

"Ulisema, tajiri."

"Ungeshusha huo unga, ukaurudia siku ingine."

"Siku gani, tajiri?"

Tajiri akaikunja ile karatasi, akaingia ofisini. Nimefikiria sana miaka hii kama nimlaumu. Yule mtu wa Wote alitaka saruji yake, na neno lilikuwa limeshasemwa mbele yetu sote. Mimi niliingia baadaye nikamwomba, nikalia hata. Nilimwambia mama hawa watapepeta bure. Akasema, "Mwikali, watapepeta nini?" Na ni kweli, hapakuwa na mbaazi.

Nzou ilinunuliwa na mtu wa chuma chakavu kutoka Kitui. Alikuja na lori yake mpya na kamba nene ya kuivutia, ingawa Mzee Nzioka alimwambia inaweza kwenda yenyewe mpaka popote, na ilikuwa kweli. Mimi nilizikusanya karatasi kutoka kwenye mkebe ili zirudishwe kwa wenyewe: leseni ya barabara, bima, cheti, leseni ya uchukuzi. Alinipa moja moja, akiwa amenawa. Leseni yake ya dereva aliirudisha mfukoni. "Hii ni yangu," akasema. "Haijazidi uzito."

Halafu akaniuliza, "Mombasa hujafika?"

"Bado, Asa."

"Si mbali. Ni wewe huendi."

Kimanzi alimsindikiza na vitu vyake, gunia la kuketia na kofia, hadi njia ya Mbumbuni. Mimi niliahidi kumtembelea, na nilikwenda, mara nyingi, na sikuwahi kumkuta anaongea habari za lori. Alipanda machungwa. Aliniuliza tu habari za akina Muli, ambazo sasa zilikuwa zikija kwa barua, na zilikuwa fupi.

Siku Nzou ilipovutwa, watu wote walitawanyika mapema. Hakuna aliyetaka kukaa uani. Nilibaki nifunge ofisi. Pale ilipokuwa ikisimama palikuwa na alama nyeusi ya mafuta, na mawe mawili makubwa tuliyokuwa tukiyaweka nyuma ya magurudumu, kwa sababu breki ya mkono haikushika vizuri kwenye ule mteremko. Yalikuwa yamekaa hapo miaka mingi hadi yakajichimbia. Lori mpya ya tajiri ingekuja Jumatatu, na hiyo ilikuwa na breki.

Niliyatikisa moja moja mpaka yakang'oka kwenye udongo. Nikalibeba la kwanza kwa kulikumbatia kifuani, nikapumzika njiani, nikaliweka kando ya ua. Nikarudi kuchukua la pili.